Andika Dawa

Kichupa chenyewe kilikuwa kidogo, kingeweza kupotea kwenye mfuko wa shati. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe, haba kiasi kwamba mtu asiyejua angedhani kichupa hakikuoshwa vizuri. Kwa ajili ya unga huo Anjela Kalinga alipanda basi la alfajiri kutoka Mbeya bila hata kunywa chai, na sasa alikuwa amesimama mbele ya dirisha la ofisi ya vifurushi, stendi ya Iringa, akilitazama boksi lake. Lilikuwa limewekwa kwenye kona peke yake, mbali na mizigo mingine, na ufagio umelazwa mbele yake ili mtu asilisogelee.

"Kamwene, dada," alisema mwenye dirisha, mtu wa makamo aliyevaa sweta la kijani, jina lake Clement.

"Kamwene. Nimefuata mzigo wangu. Ule pale."

Clement akageuka, akalitazama boksi, akarudisha uso. "Ule hapana," alisema.

Juu ya boksi palikuwa pameandikwa kwa wino mwekundu, herufi kubwa kutoka upande hadi upande: SUMU. Na kilichomuuma Anjela kuliko vyote ni kwamba aliyeagiza neno hilo liandikwe alikuwa yeye mwenyewe.

Hapo itabidi turudi nyuma kidogo, maana hata anayejikwaa huwa ana mahali alikokuwa anakwenda. Anjela ni mzaliwa wa Igowole, kwenye mashamba ya viazi, ila kazi yake iko Mbeya, kwenye maabara ambayo siku nyingine ina umeme na siku nyingine ina jenereta. Alikuwa anachunguza damu ya wapuliziaji, watu wanaobeba bomba mgongoni kuanzia mvua za kwanza wakinyunyizia viazi dhidi ya ukungu. Alitaka kujua jambo moja tu. Ile wanayoipuliza inaingia kwenye seli za damu zao na kuzivunja, au haiingii?

Kulijua hilo si kwa kutazama damu tu. Damu hutiwa kwenye kichupa chenye chakula, ikawekwa kwenye kabati la joto, na seli zikachokozwa mpaka zianze kugawanyika. Seli ikigawanyika, kwanza kiini chake kinakuwa viini viwili, halafu mwili wake unajikaza katikati kama mtu anayefunga mkanda, unakatika, na kila upande unakwenda zake. Kama kiini kilikuwa kimevunjika, kuna kipande kitabaki nje. Lakini zikishaachana huwezi tena kujua ipi imetoka wapi na imegawanyika mara ngapi. Ndiyo maana watu wa kazi hii hutumia sumu. Kuna aina ya ukungu unaoota kwenye mimea ambao umejitengenezea sumu yake, na sumu hiyo ikiingia kwenye seli ule mkanda unalegea. Viini vinakuwa viwili, lakini mwili hauachani. Seli inabaki na viini viwili ndani ya ngozi moja, kama mapacha kitanda kimoja, na hapo ndipo Anjela anapoweza kuihesabu kwa uhakika.

Sumu hiyo ina wakati wake. Ukiiweka mapema umeharibu, ukichelewa seli zimeshatawanyika na damu nzima ni ya kumwaga.

Muuzaji wa Dar es Salaam alikuwa ameapa kwamba mzigo ungefika wiki iliyopita. Kwa kiapo hicho Mchungaji Obeid akatangaza siku ya kutoa damu, baada ya ibada, kati ya tangazo la ndoa na mnada wa sadaka za mavuno. Tangazo likishatoka kanisani Igowole halirudi. Mzigo haukufika, siku ikafika, watu wakaja. Anjela angewaambia nini? Walikuwa wamekuja kwa shida, maana kulikuwa na maneno kwamba damu ikienda mjini inauzwa. Aliyevunja maneno hayo ni baba yake, Mzee Sosthenes, aliyekunja mkono wa koti mbele ya watu wote na kusema, "Toa. Kama ni kuuzwa, mtaona bei yangu." Wengine wakafuata, lakini wakaweka sharti: mara moja tu. Damu si maji ya bomba, walisema, kwamba ukimwaga unafungua tena.

Kwa hiyo damu hiyo ilikuwa Mbeya kwenye kabati la joto, imeshachokozwa, na jioni ya siku hii, giza likiingia, ndio ulikuwa wakati wa sumu. Sumu ilikuwa Iringa, nyuma ya ufagio.

Na neno je? Neno lilitoka kwenye ugomvi wake na baba yake. Msimu uliopita alimkuta shambani akiwa amezibua ncha ya bomba kwa kuiweka mdomoni na kuipuliza, kama anapuliza filimbi. Anjela alipiga kelele mpaka majirani wakasimama.

"Baba, hiyo ni sumu!"

"Hii ni dawa ya ukungu," Mzee Sosthenes alisema akijifuta mdomo. "Sumu ni ya panya."

"Hata ya panya mnaiita dawa ya panya."

"Basi huoni? Kila kitu ni dawa."

Alicheka, lakini Anjela hakucheka. Tangu siku hiyo aliamini kwamba ugonjwa wenyewe uko kwenye neno. Mtu akiita kitu dawa atakipuliza kwa mdomo, atakikoroga kwa mkono, atakihifadhi uvunguni. Siku ya kutoa damu aliwasimamisha wapuliziaji wote akawatamkisha neno sumu, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa kipaimara wanavyotamkishwa amri. Watu wazima wakatamka huku wakitazamana. Kwa hiyo dada wa dukani Dar alipompigia simu kuuliza waandike nini juu ya boksi, Anjela hakusita. Andika sumu, alisema, kwa herufi kubwa, tuite kitu kwa jina lake. Alikata simu akijiona mtu wa maana.

Kondakta alilisoma neno hilo mbele ya abiria, abiria wakalalamika, na boksi likashushwa Iringa.

"Sumu haipandi gari la abiria, dada," Clement alisema. "Ni utaratibu wa ofisi."

"Imetoka Dar mpaka hapa kwa gari la abiria."

"Ndiyo maana tuliishusha."

"Kaka Clement, hiyo ni vumbi kidogo ndani ya kichupa. Kichupa kimefungwa, kimezungushiwa sponji, kimefungwa tena. Hata boksi lipinduke, halitoki kitu."

"Sasa kama haina neno, mbona wameandika sumu?"

Anjela akachungulia ndani ya dirisha. Nyuma ya Clement, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, zilipangwa katoni za kwenda Mafinga, Makambako na Tunduma. Kila katoni ilikuwa na picha ya fuvu na mifupa miwili. Moja ilikuwa imevuja pembeni, imeacha doa la njano kwenye sementi, na harufu yake ilimkaba Anjela koo hata akiwa nje ya dirisha. Juu ya hiyo hiyo iliyovuja mtu alikuwa ameweka chapati zake kwenye mfuko wa karatasi.

"Na zile je?" aliuliza.

"Zipi?"

"Zile zenye fuvu."

Clement hakugeuka hata kutazama. "Zile ni dawa. Dawa ya ukungu, za wakulima."

"Ile moja imevuja. Ile ikimwagikia mbuzi, mbuzi anakufa."

"Lakini ni dawa."

"Ni sumu!"

"Haijaandikwa sumu, dada. Imeandikwa dawa, hapo kwenye karatasi yake ya safari. Mimi nasoma kilichoandikwa." Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akauliza kwa upole, "Hii yako kwanza ni sumu ya nini?"

"Ya ukungu."

"Ya kuua ukungu?"

"Hapana. Inayotoka kwenye ukungu."

"Ukungu gani sasa? Huu wa asubuhi wa Mufindi?"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri mizigo wakacheka. Mmoja akasema kama ukungu wa Mufindi una sumu basi Wahehe wangekuwa wamekwisha zamani. Clement naye akacheka, na Anjela akahisi machozi ya hasira yakimchoma pua. Alikuwa na shahada mbili na hakuwa na jibu hata moja ambalo lingeingia kwenye dirisha lile.

Akajaribu kwa bosi wa Clement. Bosi alikuwa msibani, Kilolo huko, simu haipatikani. Akajaribu Dar, dada wa dukani akamwambia tumeandika kama ulivyosema, na kweli walikuwa wameandika kama alivyosema. Akajaribu barua ya maabara iliyokuwa kwenye simu yake. Clement akaisoma yote, midomo ikicheza, akasema ni barua nzuri, lakini nayo imetaja sumu, tena mara tatu. Muhuri wa polisi ungesaidia, alisema. Polisi gani atakayegonga muhuri kwenye kitu kilichoandikwa sumu kabla ya jioni? Hata Clement aliona hilo, akatikisa kichwa kwa huruma.

Simu ikaita. Alikuwa Lutengano, mwenzake wa maabara, aliyeachwa Mbeya kulinda kabati la joto.

"Dada Anjela, umeme upo, usiwe na wasi. Nimechungulia. Seli zimechangamka sana."

"Zimechangamka?"

"Sana. Sijawahi kuona damu inakua hivi. Wewe uko wapi?"

Habari njema ile ilimchoma kuliko mbaya. Seli zilikuwa zinafanya kazi yao kwa bidii, zikijiandaa kugawanyika na kwenda zao, na za baba yake zikiwamo. Alimwambia Lutengano yuko njiani. Hakusema njia ipi.

Upande wa pili wa stendi basi la kwenda Mbeya lilikuwa limeshawasha injini. Hilo ndilo lingemfikisha kabla giza halijashika sana, na baada yake hakukuwa na jingine la maana. Mpiga debe alikuwa akiita Mafinga, Makambako, Mbeya, kwa sauti ya mtu ambaye hana tatizo lolote duniani.

Clement akaegemea dirisha. "Dada, njoo. Mimi na wewe wote wanyalukolo, watu wa nyumbani, sina ubaya nawe." Akamsogezea kalamu nene nyeusi. "Futa hilo neno. Andika dawa."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si dawa. Hilo ndilo ninalogombana nalo kila siku. Ninyi mnaita dawa, watu wanaipuliza kwa mdomo."

"Hii nayo kuna mtu ataipuliza kwa mdomo?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Ni uongo, kaka Clement."

"Basi kaa na neno lako," Clement alisema, na hakulisema kwa hasira. "Mimi nataka kwenda kula."

Anjela alisimama pale. Alimchukia Clement, akamchukia kondakta, akazichukia zile chapati juu ya katoni. Kisha akauona akilini mkono wa baba yake, ule mshipa wa kiwiko uliogoma mara mbili kabla ya kutoa damu, na mzee akitazama pembeni ili binti yake asitetemeke. Basi likapiga honi. Akaishika kalamu.

Clement akaliinua boksi kwa ncha za vidole na kuliweka mbele yake. Anjela akapiga mistari juu ya lile neno jekundu mpaka likazama, na chini yake akaandika DAWA. Herufi zilitoka zimepinda kama za mtoto.

"Dawa ya nini?" Clement aliuliza. "Dawa tu haitoshi. Lazima ijulikane ni ya nini."

Anjela akafikiri kidogo. Halafu akaongeza maneno mawili, na ubaya wake ni kwamba hayakuwa hata ya uongo. Sasa boksi lilisomeka DAWA YA UKUNGU.

"Ungeandika hivyo toka mwanzo," Clement alisema, "mzigo ungekuwa umeshafika Mbeya jana." Akalichukua boksi kwa mikono miwili bila woga, akalipangusa vumbi kwa mkono wa sweta lake, akampa. Akamtakia safari njema.

Mateso hayakuishia hapo. Walipopita Mafinga, mama aliyekaa naye alilisoma boksi lililokuwa mapajani, akasogea.

"Mwanangu, hiyo ya ukungu ni mpya? Viazi vyangu vimebabuka vyote. Nipimie kidogo tu, nakuonyesha chombo."

"Si ya viazi, mama."

"Mbona imeandikwa?"

Anjela akaligeuza boksi, maandishi yakaelekea chini. Yule mama akakunja uso na kugeukia dirishani, akamwona mchoyo. Wakati huo basi lilikuwa linaiacha njia panda ya kwenda kwao Igowole, na mvua ilikuwa imeanza.

Aliingia maabara viatu vimejaa matope, taa za barabarani zimeshawaka. Lutengano alikuwa ameandaa kila kitu, amevaa glovu tayari. Waliiyeyusha ile sumu, wakatia tone kwa tone kwenye kila kichupa cha damu. Walikuwa wamechelewa kidogo, lakini si sana. Lutengano alipoliona boksi alilisoma mara mbili, akamtazama mwenzake, akaliweka kwenye rafu bila kuuliza kitu. Anjela alimshukuru kwa hilo.

Siku zilizofuata ziliwaonyesha kwamba sumu ilikuwa imefanya kazi yake. Chini ya hadubini seli zilikaa bila kuachana, viini viwili ngozi moja, nyingi na safi, nzuri kutazama. Damu ya watu wa mtaani kwake Ilomba, wasiowahi kubeba bomba, ndiyo aliyoitazama kwanza, na ilikuwa shwari. Akaja kwa wapuliziaji. Pembeni ya viini vyao kulikuwa na vipande vidogo vya mviringo, kama makombo pembeni ya sahani. Akahesabu, akarudia. Kwenye vioo vyenye damu ya baba yake hakuhitaji kutafuta. Makombo yalikuwapo kila alipoweka jicho.

Alikaa na jibu hilo mpaka Jumapili, saa ambayo mzee huwa ametoka kanisani, ndipo akapiga simu akiwa maabara.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Wenzangu wamekaa hapa, wananiuliza majibu kila siku."

"Nitakuja kuwaeleza wote. Lakini yako nilitaka uyasikie kwanza." Akaivuta karatasi ya hesabu zake. "Seli zako zinavunjika, baba. Kuliko za watu wasiopuliza. Kuliko hata za wenzako."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Kwa hiyo naumwa?"

"Huumwi. Ni onyo. Ila likiachwa hivyo, huko mbele sijui."

"Zinavunjwa na nini?"

"Na hiyo..." Neno alilokuwa amewatamkisha watu wazima kwa zamu likamkwama. Aliliona boksi kwenye rafu, na mwandiko wake mwenyewe umepinda juu yake.

"Sema tu," Mzee Sosthenes alisema. "Sumu. Sisi tunajua, Anjela. Kwani ulidhani hatujui? Ninaisikia harufu yake usiku kwenye shuka. Lakini mtu hawezi kubeba kitu mgongoni kila asubuhi huku anakiita sumu. Atakitua. Na angekitua, ninyi msingesoma."

Hasira yote ya Iringa, aliyokuwa akiitunza amtupie mtu, ilikosa wa kutupiwa. Alitaka kumwambia baba yake kwamba na yeye aliandika dawa, mbele ya dirisha la vifurushi, ili apite. Hakusema, aliona aibu.

"Ile ya kuweka mdomoni niliacha," mzee aliendelea, sauti yake imeshuka. "Tangu siku ile uliyopiga kelele."

"Asante, baba. Na glovu, na kitambaa cha mdomo, na usipulize upepo ukikujia, na nguo ukirudi..."

"Hayo nayajua, nitayafanya. Nakuuliza viazi. Ukungu umeshaingia shamba la chini, majani yameanza kuwa meusi. Nisipopuliza wiki hii sivuni. Sasa dawa yake ni nini?"

Anjela alitazama upande wa sinki. Lutengano alikuwa anaosha vioo, maji yanamwagika polepole ili asimsumbue. Alitafuta jibu kwenye kila alichosoma, Morogoro na ng'ambo, na yote aliyoyapata yalikuwa majina ya vitu vinavyouzwa kwenye katoni zenye fuvu.

"Sijui bado, baba," alisema.

"Haya." Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Njoo uwaeleze wenzangu. Tutakaa, tutasikiliza, tutasema sumu kama ulivyotufundisha. Lakini safari hii usije na neno peke yake, mwanangu. Njoo na dawa."

Alipokata simu, Lutengano alimuuliza kama lile boksi tupu analihitaji, au alitupe. Anjela akamwambia aliache palepale.